UZI: Stelios Kazantzidis, sauti ya Wagiriki waliohamishwa na waliohama

Santuri Kongwe (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa mtu mmoja: Stelios Kazantzidis, mwimbaji wa laiko, yaani ule muziki wa watu wa kawaida wa mijini Ugiriki unaopigwa kwa buzuki, ala ya nyuzi yenye shingo ndefu. Nitaandika kirefu kwa sababu habari zake kwa Kiswahili ni adimu. Naamini pia kwamba huwezi kumwelewa usipoanza na wazazi wake.

Alizaliwa tarehe 29 Agosti 1931 Nea Ionia, kitongoji cha Athens. Nea Ionia ilijengwa na wakimbizi. Baada ya vita vya Wagiriki na Waturuki, mkataba wa Lausanne wa 1923 uliamuru Wakristo wa Kiorthodoksi waondoke Anatolia, yaani upande wa Asia wa Uturuki, na Waislamu waondoke Ugiriki. Wakristo kama milioni 1.2 waliishia Ugiriki, na Waislamu kama 400,000 wakapelekwa Uturuki. Kigezo kilikuwa dini, kwa hiyo kuna Wakristo waliofika Ugiriki wakiwa wanajua Kituruki tu, na Waislamu waliofika Uturuki wakiwa wanajua Kigiriki tu. Waliofika Ugiriki wengi walidharauliwa na wenyeji. Waliishi kwenye vibanda na kufanya kazi za viwandani, na Nea Ionia ikawa mji wa mazulia na nguo.

Baba yake, Charalambos, alikuwa Mgiriki wa Ponto kutoka Ordu, pwani ya Bahari Nyeusi. Mama yake, Gesthimani, alitoka Alanya, kusini mwa Anatolia. Nyumba yao ilikuwa na nyimbo za sehemu mbili ambazo hakuna aliyeweza kurudi. Ukisikiliza jinsi Kazantzidis anavyovuta sauti, anavyoipandisha taratibu na kuitetemesha kabla ya kuishusha, unasikia Anatolia ndani yake. Hakujifunza hayo shuleni.

Baba alikuwa fundi ujenzi, na wakati Wajerumani wameikalia nchi alikuwa upande wa wapiganaji wa mrengo wa kushoto. Mwaka 1947, nchi ikiwa kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, watu wa mrengo wa kulia walimpiga hadi wakamuua. Stelios akawa baba wa nyumba akiwa bado kijana mdogo. Alibeba mizigo, akafanya vibarua vya ujenzi, akachuuza vitu vidogo vidogo mitaani, akaingia kiwanda cha nguo. Inasimuliwa kwamba alikuwa akiimba huku mashine zinanguruma, na bosi mmoja wa kiwanda alipomsikia akampa gitaa.

Alianza kuimba mbele ya watu mwaka 1950, Kifissia, kitongoji kingine cha Athens. Mwaka 1952 akarekodi santuri ya kwanza, wimbo wa Apostolos Kaldaras, nao haukuuza. Kampuni ilikaribia kumwacha. Aliyemwokoa ni mtunzi Giannis Papaioannou, aliyempa wimbo unaoitwa Masanduku, "Oi valitses". Nyinyi wenyewe fikirieni: wimbo uliomfungulia njia ni wa masanduku ya safari.

Naendelea chini. Mwenye swali aulize.

Mwana wa Kisosora

Mkuu, nimeweka kambi hapa. Swali langu ni dogo: hii laiko ndiyo ile rebetiko tunayoisikia ikitajwa, au ni vitu viwili?

Santuri Kongwe

Rebetiko ni mama, laiko ni binti. Rebetiko ilikuwa ya bandarini, Piraeus na kwingineko, nyimbo za wavuta bangi, wafungwa, wachukuzi na wakimbizi. Utawala wa dikteta Metaxas ulioanza 1936 uliikagua na kuikatakata, hasa sehemu zilizosikika za Kituruki. Baada ya vita, watunzi kama Vassilis Tsitsanis waliisafisha maneno, wakaiwekea mapenzi na umaskini badala ya bangi, na ikaingia kwenye kumbi za familia. Halafu katika miaka ya 1950 Manolis Hiotis akaongeza jozi ya nne ya nyuzi kwenye buzuki, ambayo zamani ilikuwa na jozi tatu. Mpigaji akapata kasi na mapana ambayo hakuwa nayo. Ukumbi uliobadilika namna hiyo ndio Kazantzidis aliukuta.

Na akamkuta Marinella. Jina lake halisi ni Kyriaki Papadopoulou, binti wa Thessaloniki aliyezaliwa 1938. Walikutana huko 1957. Kabla yake Kazantzidis alikuwa akiimba na Kaity Grey, tena walikuwa wapenzi, lakini pacha wa sauti yake ni Marinella. Wataalamu husifu sauti ya kwanza, mimi nasema sikilizeni ya pili. Marinella hashindani naye hata mara moja. Anakaa chini kidogo ya sauti ya Stelios, anaifuata inapopinda, na pale mwanamume anapomaliza pumzi unagundua kwamba mwanamke ndiye aliyekuwa ameubeba wimbo. Kwa miaka kama minane walizunguka Ugiriki, wakaenda Ujerumani na Marekani kuwaimbia Wagiriki wa huko. Walioana Mei 1964, wakaachana Septemba 1966.

Mnyamwezi wa Stuttgart

Ndugu zangu, naomba niingie hapo penye Ujerumani, maana mimi jina hili nilikutana nalo kazini na wala si kwenye muziki.

Kiwandani nilipoanza kazi kulikuwa na mzee wa Kigiriki aliyekuwa karibu kustaafu. Alikuja hapa kijana, miaka ya 60. Kila Ijumaa mchana alikuwa anaweka kaseti moja, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa redio. Mimi sikuelewa neno hata moja, lakini nilielewa kwamba anayeimba analia kwa heshima. Nilipomuuliza ni nani, alinijibu kwa jina la kwanza tu, "Stelios", kana kwamba nauliza jina la jua.

Baadaye nikasoma historia yao. Ujerumani Magharibi na Ugiriki zilitia saini mkataba wa wafanyakazi Machi 1960. Madaktari wa Kijerumani walikuwa wakiwapima vijana hukohuko kwao, meno, mapafu, nguvu za mikono, kabla ya kuwapa karatasi. Waliotoka Ugiriki wengi walishukia stesheni ya Munich, jukwaa namba 11, kisha wakagawiwa viwandani kote nchini. Mlango ulifungwa Novemba 1973 Wajerumani walipoacha kuajiri kutoka nje. Ukijumlisha waliokwenda Ujerumani, Australia, Canada, Ubelgiji na Marekani baada ya vita, unapata zaidi ya watu milioni moja kutoka nchi ndogo.

Ukikaa ughaibuni utajua kwa nini hawa watu walihitaji mwimbaji wao. Siku za kazi unavumilia. Jumapili ndiyo ngumu.

Santuri Kongwe

Kaka, asante sana, umenisaidia kuliko nilivyotarajia.

Kazantzidis aliwaimbia hao moja kwa moja. Kuna wimbo wake na Marinella kuhusu mkate wa ughaibuni, "To psomi tis xenitias". Kuna mwingine kuhusu viwanda vya Ujerumani, "Stis fabrikes tis Germanias". Kuna wa mama anayebaki kijijini, wa mke anayesubiri barua, wa aliyekufa mbali. Wasomi wa Athens wakati huo waliziona hizi nyimbo kama malalamiko ya watu wanyonge waliokubali unyonge wao. Mimi sikubaliani kabisa. Magazeti na serikali walikuwa wanazisifu fedha ambazo wahamaji walikuwa wakituma nyumbani, na huyu akaimba fedha hizo zimewagharimu nini.

Mtu ambaye baba yake na mama yake walifukuzwa kwao alijua kuimba habari za kuondoka kuliko mtu yeyote. Hilo ndilo dai langu katika uzi huu wote. Wakimbizi wa 1923 na vibarua wa 1960 ni watu wawili tofauti, lakini waliimbiwa na sauti moja.

Bi. Kizingo

Assalaam alaykum jamani. Mimi niko Mombasa. Ndugu yangu mwanzisha uzi, nakuomba uzungumzie ule wimbo wa Mantoubala, maana nilipousikia mara ya kwanza niliduwaa. Ile ni sauti ya filamu ya Kihindi!

Santuri Kongwe

Waalaykum salaam dada. Ndiyo, na hapa ndipo penye utamu.

Miaka ya 1950 filamu za Kihindi ziliingia Ugiriki kwa kishindo. Maskini wa Athens na Thessaloniki walijaa kumbini kuona mama wanaotaabika, mashamba yanayonyang'anywa na watoto wanaopotea, na wakajiona wao. Mother India ya 1957 ilionyeshwa huko kwa jina la Kigiriki lenye maana ya ardhi iliyonyweshwa jasho. Watunzi wa laiko wakaanza kuchukua mahadhi ya filamu hizo na kuyavisha maneno ya Kigiriki.

"Mantoubala" ya 1959 ndiyo maarufu kuliko zote. Jina ni la mwigizaji Madhubala, lakini wimbo wenyewe unatoka Awaara ya 1951 ya Raj Kapoor, filamu ambayo Madhubala hayumo hata kidogo. Ni ule alioimba Lata Mangeshkar kwa muziki wa Shankar na Jaikishan. Santuri ya Kazantzidis iliuzwa kwa wingi usiokuwa wa kawaida katika Ugiriki ya wakati ule.

Watunzi wakubwa walikasirika. Tsitsanis alikuwa mmoja wa waliolalamika hadharani kwamba Uhindi unaumeza muziki wao. Na kweli, mara nyingi majina ya watunzi wa Kihindi hayakuandikwa kwenye santuri. Hilo lilikuwa kosa na silitetei. Wale watunzi wa Bombay walistahili jina na senti zao.

Bi. Kizingo

Basi hilo sisi huku twalijua vizuri. Marehemu Juma Bhalo, Mungu amrehemu, aliyetutoka 2014, taarabu yake kubwa ilikuwa kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, na mashairi mengi ni ya nduguye Ahmad Nassir. Mashairi yenyewe ni ya Kiswahili cha Mvita hasa, vina na mizani vimetimia, hukuti neno lililoning'inia. Watu walibishana vilevile: huyu ni msanii au mwigaji? Lakini harusi haikufana bila Bhalo.

Mimi naona sababu ni moja Mombasa na Athens. Filamu zile zilikuwa zaonyesha mtu mnyonge akiwa na utu wake kamili. Hollywood haikuwa na wimbo wa mama wa kijijini. Bombay ulikuwa nao. Na isitoshe, sauti za Anatolia, za Uarabuni na za Bara Hindi zajuana tangu zamani, ndiyo maana mtu wa Nea Ionia aliweza kuzipanda bila kuteleza.

Mwana wa Kisosora

Dada umenena. Nimezisikiliza zote mbili sasa hivi, ya Lata halafu ya Kazantzidis. Ya Lata nyepesi, inaelea. Ya huyu bwana ni kama amebeba gunia la saruji.

Mzee wa Hoja

Wakuu, naomba kuuliza kwa heshima. Mnamsifu, lakini nimesoma kwamba aliacha kuimba jukwaani mapema sana. Mwimbaji wa watu anawakimbiaje watu wake?

Santuri Kongwe

Swali zuri, na ndilo wengi wanaloshindwa.

Mwaka 1965, hajafikisha miaka 35, akiwa ndiye anayelipwa na kutakwa kuliko wote, aliacha kuimba kwenye kumbi za usiku. Hakurudi tena mpaka anakufa, miaka 36 baadaye. Aliendelea kurekodi, lakini jukwaa alilifunga.

Yeye mwenyewe alieleza kwamba alichoshwa na maisha ya usiku. Kumbi za buzuki zilikuwa zimebadilika. Walioanza kukaa meza za mbele walikuwa wenye fedha mpya. Sahani zilivunjwa kwa mamia ili kuonyesha nani anaweza kulipa, na nyuma ya pazia kulikuwa na wababe wa mjini waliotaka chao kwa kila msanii. Hebu fikiria unaimba habari za kibarua aliyekosa mkate, mbele yako mtu anavunja vyombo vya mshahara wa mwezi wa kibarua huyohuyo. Angeweza kufumba macho na kuchukua hela, kama walivyofanya wengi. Hakuweza.

Kwa hiyo Mzee wa Hoja, mimi nasema hakuwakimbia watu wake. Watu wake hawakuwa wanaingia ukumbini tena, hawakuweza kulipa. Walikuwa na santuri yake nyumbani na kwenye sanduku la muziki la mgahawa. Huko alibaki.

Mzee wa Hoja

Nimekuelewa, ila nabaki na yangu kidogo. Alikuwa na jina la kutosha kuimba viwanja vya mpira kwa kiingilio cha chini, kama angetaka. Miaka 36 ni mingi. Kuna kizazi kizima cha maskini ambacho hakikuwahi kumwona kwa macho.

Santuri Kongwe

Hilo siwezi kulipinga, mkuu. Ni kweli na linauma.

Ngoja niongeze upande wa kampuni, maana hapo ndipo alipoumia zaidi. Zamani mwimbaji wa Ugiriki alilipwa ujira wa kurekodi, basi. Santuri ikiuza nyingi, faida ni ya kampuni. Kazantzidis ni miongoni mwa wa kwanza waliopigania asilimia ya mauzo, na kila mwimbaji wa Ugiriki anayepokea asilimia leo anafaidika na ugomvi ule.

Mwaka 1975 alitoa "Yparcho", maana yake nipo. Muziki ni wa Christos Nikolopoulos, maneno ya mtunzi wa mashairi aitwaye Pythagoras. Ilikuwa santuri kubwa kabisa. Halafu kukawa kimya. Aligombana na kampuni yake kuhusu mkataba alioona unamnyonya, akakataa kurekodi chini yake, na mkataba ukamzuia kurekodi kwingine. Miaka 12! Sauti kubwa kuliko zote nchini, ikiwa bado nzima, miaka 12 bila albamu mpya. Alirudi 1987 na albamu kuhusu njia ya kurudi. Sauti ilikuwa imeshuka na kukolea, bado ni yeye, lakini ile miaka ya kati ya 44 na 56 hakuna wa kuturudishia.

Muda huo aliutumia sana baharini. Alikuwa na nyumba Agios Konstantinos, pwani ya Fthiotida, na mashua, na uvuvi ulikuwa mapenzi yake ya pili. Wavuvi wa pale walimjua kama mwenzao.

Mnyamwezi wa Stuttgart

Vipi kuhusu mtunzi Theodorakis? Yule mzee wa kazini alikuwa anasema Stelios aliimba pia nyimbo za wasomi.

Santuri Kongwe

Aliimba, na vizuri mno. Mwaka 1961 Mikis Theodorakis alimpa "Politeia", mashairi ya Tasos Livaditis na Dimitris Christodoulou, na Marinella yumo. Theodorakis alitaka ushairi mzito uimbwe na koo la mtaani. Wasomi waliokuwa wakiidharau laiko wakalazimika kusikiliza. Jeshi lilipochukua nchi 1967 nyimbo za Theodorakis zikapigwa marufuku, hata kuzisikiliza.

Lakini nikiambiwa nichague shairi moja tu, sichagui la Livaditis. Nachagua la Eftychia Papagiannopoulou. Huyu mama alizaliwa Aydın, Anatolia, mwaka 1893, naye akaja Ugiriki mkimbizi. Alikuwa mwigizaji, alikuwa mraibu wa karata, na akawa anauza mashairi yake kwa fedha ya siku moja. Nyimbo nyingi kubwa za Ugiriki ni zake, lakini mara nyingi jina lake halikuandikwa. Alipofiwa na binti yake aliandika shairi la kwamba maisha yana milango miwili, mmoja niliufungua nikaingia, nikazunguka asubuhi moja, na jioni ilipofika nikatokea ule mwingine. Kazantzidis akaliimba. Wagiriki wanaliimba msibani mpaka leo. Mama huyo alikufa 1972.

Mlima Mawingu

Nimechelewa, lakini naongeza jambo moja. Sauti hii haikuishia kwa Wagiriki. Israel ilipendwa mno, hasa na Wayahudi wa Thessaloniki waliosalimika kambi za Wanazi, na watoto wao. Yehuda Poliker, ambaye wazazi wake walisalimika Auschwitz, alirekodi nyimbo za Kazantzidis kwa Kiebrania miaka ya 1980 na zikawa maarufu sana kule. Na Uturuki nako wanamsikiliza, ingawa wazazi wake walifukuzwa kutoka hukohuko.

Santuri Kongwe

Asante mkuu, hilo nilikuwa nalo ila umelisema vizuri kuliko mimi.

Namalizia historia. Miaka ya mwisho alirudi kwa baba yake, yaani akarekodi nyimbo za Kiponto, kwa lahaja ya Ponto na ala yao ya nyuzi ya kupigwa kwa upinde, akiwa na Chrysanthos Theodoridis, mwimbaji mkubwa wa Waponto. Sauti ya Chrysanthos iko juu kabisa, ya Stelios iko chini. Nadhani hizo ndizo rekodi zake za kweli kuliko zote, na si nyingi zinazotajwa.

Alifariki tarehe 14 Septemba 2001 kwa saratani ya ubongo. Dunia nzima ilikuwa inaangalia New York, siku tatu baada ya yale mashambulizi, lakini Ugiriki ilisimama kumzika. Maelfu walikwenda. Kaburi lake liko Elefsina, pamoja na mama yake. Mwisho wa 2024 ilitoka filamu ya maisha yake, nayo inaitwa "Yparcho", mwimbaji Christos Mastoras ndiye aliyecheza nafasi yake. Ilijaza kumbi.

Marinella naye msidhani alififia baada ya kuachana. "Stalia stalia" ya Giorgos Zambetas ya 1968 ilimsimamisha peke yake, na 1974 ndiye aliyekuwa mwakilishi wa kwanza kabisa wa Ugiriki kwenye Eurovision.

Mwana wa Kisosora

Mkuu, tupe mpangilio wa kusikiliza kwa sisi wageni.

Santuri Kongwe

Anza na ule wa milango miwili, utafute kwa jina "To teleftaio vradi mou". Kisha "Mantoubala", lakini sikiliza ya Lata kwanza. Kisha chochote kutoka "Politeia", mimi napenda "Vracho vracho". Kisha "I zoi mou oli" ya mtunzi Akis Panou, hiyo usisikilize ukiwa na haraka. "Yparcho" iache mpaka umemzoea, ndipo utaelewa kwa nini mtu mzima anasimama mezani ikianza. Za Kiponto zije mwisho. Bi. Kizingo, ukipata muda tuwekee hapa zile za Bhalo unazoona zinakaribiana nazo, tuzisikilize sambamba.

Bi. Kizingo

Inshallah kesho baada ya Isha. Kanda ninazo, za marehemu baba.